Maboga ya pambo kwenye vyombo: majani yanalegea mchana, vitunda vinadondoka

TawiRefu

Wadau, habari za humu. Nina mimea mitatu ya maboga kwenye roshani, imepandwa kwa ajili ya pambo. Nia ni majani yafunike wavu na kutia kivuli, halafu vijiboga vining'inie humo ndani. Hali ilivyo:

– Vyombo: ndoo nyeusi za plastiki za lita 20, mmea mmoja kila ndoo, matundu manne kwenye kitako, na kokoto sm 5 chini.
– Udongo: wa bustani, umechanganywa na samadi iliyooza, koleo moja kwa ndoo.
– Mbegu: mimea miwili ni Jack Be Little ya pakiti, aina ya vijiboga vidogo. Wa tatu ni mbegu iliyotolewa ndani ya boga la pambo la rangi mbili lisilo na jina.
– Jua: saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni.
– Maji: lita 2 kila asubuhi kwa ndoo.
– Mbolea: NPK 17-17-17 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu), kijiko cha chai kila wiki, inanyunyizwa juu ya udongo.
– Umri: wiki 7, shina limefika karibu mita 2.

Matatizo: (1) ikifika saa sita majani yote yanalegea kama yamepikwa, jioni yanainuka, (2) kingo za majani ya chini zinakauka na kuwa kahawia, (3) maua ni mengi, lakini vitunda vikifika ukubwa wa gololi vinageuka njano na kudondoka, (4) ule mmea wa tatu una madoa meupe kama fedha kati ya mishipa ya jani. Je, huo ni ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe? Na hivi vijiboga vikikomaa vinaliwa au ni vya kutazama tu?

---

UdongoMwepesi

Mkuu, umeeleza vizuri, kwa hiyo jibu ni rahisi: (1) na (2) zote zinatoka kwenye ndoo, nyingi ya (3) iko kwenye maua. Nianze na ndoo.

Piga hesabu ya maji. Lita 20 za udongo mzuri hushika kiasi cha lita 3 hadi 5 za maji ambayo mizizi inaweza kuyanyonya. Mmea wa boga wenye shina la mita 2 na majani mapana ishirini na kitu unaweza kumaliza lita 4 hadi 6 kwa siku ya jua kali lenye upepo. Wewe unampa 2. Yaani kila siku anaanza na deni.

Sasa, kulegea kwa saa sita peke yake si ugonjwa. Jani la boga ni pana na laini, linapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kupandisha, hata udongo ukiwa na unyevu. Kipimo ni hiki: angalia saa moja asubuhi. Likiwa limesimama wima asubuhi, mmea uko salama. Likiwa limelegea asubuhi kabla ya jua, hapo kuna shida ya kweli, ama udongo umekauka mpaka chini ama mizizi imeoza kwa maji kutuama. Chomeka kidole sm 5 kabla ya kuamua, maana tiba ya moja ni sumu kwa nyingine.

Kingo za kahawia: chumvi. NPK kavu juu ya udongo, kila wiki, halafu lita 2 ambazo hazifiki hata kwenye matundu. Maji yanaondoka kwa njia ya majani, chumvi ya mbolea inabaki. Inakusanyika mpaka inaanza kuvuta maji kutoka kwenye mizizi, na jani linaungua kuanzia ukingoni, majani ya zamani kwanza. Ukiona ukoko mweupe kwenye mdomo wa ndoo au kuzunguka matundu, huo ndio ushahidi.

La kufanya:

Simamisha mbolea wiki mbili. Siku ya kwanza, asubuhi, pitisha lita 40 za maji kwenye kila ndoo, polepole, lita 5 kwa 5, yatoke yote chini. Usiache sahani chini ya ndoo siku hiyo, la sivyo yale maji ya chumvi yatarudi juu.

Baada ya hapo mwagilia mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, kila mara mpaka maji kidogo yatoke chini. Usihesabu lita, angalia matundu.

Mbolea ikirudi, iwe ya kuyeyusha: gramu 1 kwa lita ya maji, lita 2 kwa mmea, mara moja kwa wiki, kwenye udongo ambao tayari una unyevu. Vitunda vikishashika, badili uende kwenye yenye potasiamu nyingi kuliko naitrojeni. Najua unataka majani, na naitrojeni huleta majani, lakini jani la naitrojeni nyingi ni laini, vidukari wanalipenda, na ubwiri unga unalipanda upesi zaidi.

Matandazo sm 4 hadi 5 ya nyasi kavu juu ya udongo, yasiguse shina. Na ifunike hiyo ndoo nyeusi kwa gunia au kitambaa cheupe. Ukuta wa plastiki nyeusi ukipigwa na jua moja kwa moja unaweza kuvuka nyuzi 45 za Selsiasi, na mizizi ya upande huo inakufa. Ukiipindua ndoo kama hiyo unakuta upande mmoja umejaa mizizi, upande mwingine mtupu.

Kokoto za chini, msimu ujao usiziweke. Watu wanadhani zinasaidia maji kutoka. Maji hayashuki kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake uwe umelowa chepechepe. Kwa hiyo lile tabaka la matope ambalo lingekaa kwenye kitako cha ndoo umelipandisha sm 5 juu, karibu zaidi na mizizi, na umepoteza sm 5 za udongo katika ndoo yenye kina cha sm 35. Kipande cha wavu juu ya matundu kinatosha. Matundu yawe 6 hadi 8, ya milimita 10 hivi, na mawili matatu yawe ubavuni, sm 2 kutoka chini, ili yasizibwe na sakafu.

---

ChavuaAsubuhi

Namba (3) hapa.

Boga lina maua dume na maua jike kwenye mmea mmoja. Dume ana kikonyo kirefu chembamba na hana kitu chini yake. Jike ana kitunda kidogo tayari chini ya ua, kabla hata hajafunguka. Huo ndio mtego: unakiona kitunda unadhani kimeshashika, kumbe ni ovari tu inayosubiri chavua. Isipopata chavua, siku chache baadaye inageuka njano na kudondoka. Ndiyo hiyo gololi yako.

Maua dume hutangulia wiki moja hadi mbili, hivyo maua mengi bila tunda mwanzoni ni kawaida. Na joto kali linaongeza madume na kuwafanya majike waanguke.

Roshani ya juu nyuki hawafiki kwa wingi, kwa hiyo chavusha mwenyewe:

Ua jike hufunguka alfajiri ya siku moja tu, na kufikia saa nne au saa tano asubuhi limeshaanza kufunga. Fanya kazi kati ya saa kumi na mbili na saa tatu. Jioni ya jana yake angalia ua ambalo bado halijafunguka: likiwa na rangi ya chungwa kwenye ncha na limevimba, litafunguka kesho. Chuma ua dume lililofunguka asubuhi hiyohiyo, ng'oa petali zake zibaki na ule mchi wa katikati wenye unga wa njano, kisha pakaza taratibu kwenye kila sehemu ya katikati ya ua jike. Kila sehemu, usiache. Ukipakaza upande mmoja tu, boga linavimba upande mmoja na kupinda. Dume mmoja anatosha majike wawili. Chavua iliyolowa haifai, kwa hiyo usimwagilie juu ya majani asubuhi hiyo.

Ukitaka kunyunyizia dawa yoyote ya wadudu, iwe jioni maua yakiwa yamefunga. Nyuki wachache ulio nao ndio hao hao.

Kwa ndoo ya lita 20, bakiza vijiboga vinne, kwa bahati vitano. Vingine mmea utavidondosha wenyewe hata ukivichavusha vizuri, maana hauna maji wala chakula cha kuvilea. Na majike wa mwanzo kabisa, shina likiwa na majani chini ya kumi, watoe. Tunda likishika mapema, mmea unapunguza kasi ya kutoa majani, na wewe ulitaka kivuli.

---

ShinaImara

Naongezea na kupinga kidogo. UdongoMwepesi amepatia kwenye maji, lakini mbona hakuna aliyesema wazi kwamba lita 20 ni ndogo? Kwa Jack Be Little lita 40 kwa mmea ndiyo kianzio, kina kisipungue sm 35. Aina zenye maboga ya kilo 2 au 3, lita 60 hadi 80. Ndoo ya lita 20 inafaa aina za kichaka zisizotambaa, au mmea unaokatwa kila wiki.

Lakini kabla ya kukimbilia pipa, fikiria uzito. Lita 60 za udongo wa bustani uliolowa zinafika kilo 80 na zaidi. Vyombo vitatu vya hivyo kwenye roshani si jambo la kuchukulia kirahisi. Viweke karibu na ukuta wa nyumba, visikae ukingoni, na punguza uzito kwa mchanganyiko: udongo wa bustani sehemu 3, mboji iliyochekechwa sehemu 3, kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) au majani yaliyooza sehemu 3, na mchanga mnene au mawe mepesi ya volkano sehemu 1. Udongo wa bustani mtupu ndani ya ndoo hushikamana kama tofali baada ya wiki sita za kumwagiliwa, na maji yanapita pembeni mwa ndoo bila kugusa katikati. Pengine ndoo zako ziko hivyo sasa. Dalili: unamwaga maji, yanatoka chini mara moja, na saa moja baadaye udongo wa katikati bado ni mkavu.

Kukata. Shina likifika juu ya wavu, kata ncha yake juu kidogo ya jani. Matawi ya pembeni yatatoka kwenye vifundo vya chini, yaongoze kulia na kushoto, mawili au matatu tu, mengine yatoe yakiwa na urefu wa kidole. Tawi lenye kitunda liache majani mawili mbele ya kitunda kisha kata. Hivyo unapata pazia badala ya kamba moja ndefu yenye upara chini.

Majani ya chini yaliyokauka yaondoe mawili matatu kwa wiki, si yote kwa siku moja. Kikonyo cha jani la boga ni bomba, kina uwazi ndani. Ukikata katikati unaacha kikombe kinachokusanya maji na kuozesha mpaka kwenye shina. Kata karibu kabisa na shina, kwa kisu safi, asubuhi ili kidonda kikauke.

Wavu: vikono vya boga hushika vitu vyembamba, kamba au waya mwembamba kuliko kidole. Bomba nene la chuma vinalizunguka hewani vikikosa pa kushika. Kamba ya katani au wavu wenye matundu ya sm 15 unafaa. Hata hivyo usivitegemee vikono peke yake, funga shina kila sm 40 kwa utepe wa kitambaa, umekunjwa kama namba nane: tanzi moja kwenye kamba, jingine likiwa legevu kwenye shina. Majani haya ni matanga, upepo mmoja wa usiku unaweza kung'oa vyote.

Vijiboga vya Jack Be Little ni vyepesi, gramu mia na kitu mpaka mia mbili hivi, vinajining'iniza vyenyewe. Kuanzia kilo moja na zaidi, beba kwa wavu wa vitunguu uliofungwa kwenye fremu, si kwenye shina.

---

MishipaYaJani

Namba (4), kabla hujanyunyizia dawa kwenye mmea mzima usio na ugonjwa.

Vitu vitatu hufanya jani la boga liwe na weupe, na watu huvichanganya kila siku.

Cha kwanza ni asili. Aina nyingi za maboga zina madoa ya fedha yanayofuata mishipa, hasa kwenye pembe mishipa inapogawanyika. Yanafanana jani hadi jani, yapo tangu jani likiwa changa, na ukilipangusa kwa kidole hayatoki. Ni kwa sababu ngozi ya juu ya jani imeachana kidogo na tabaka la chini, hewa inaingia katikati, mwanga unarudi. Kwa mmea wa pambo hiyo ni faida tupu. Kwa maelezo yako, mmea wa tatu ni huu.

Cha pili ni ubwiri unga. Huu huanza kama viduara vidogo vya unga, mara nyingi kwenye majani ya zamani yenye kivuli, na ukipangusa unabaki na unga kidoleni. Hautaki jani lililolowa, unataka hewa yenye unyevu na majani yaliyobanana. Ukiuona mapema, kata majani yenye viduara, fungua nafasi ya hewa, kisha nyunyiza maziwa sehemu 1 kwa maji sehemu 9 juu na chini ya majani, asubuhi yenye jua, kila baada ya siku 7. Maziwa huzuia kusambaa, jani lililofunikwa tayari hayaliponyi. Salfa inafanya kazi pia, ila isitumike joto likipita nyuzi 32, inaunguza majani ya jamii hii.

Cha tatu ni inzi weupe. Makinda yao wakinyonya upande wa chini wa majani, majani mapya yanayotoka juu huwa ya fedha yote, kuanzia mishipani na kuenea mpaka jani zima limepauka. Geuza majani ya chini utawaona, vitu bapa vidogo visivyotembea. Sabuni laini ya maji, mililita 5 kwa lita, upande wa chini wa majani, jioni, rudia kila siku 5 mara tatu. Jaribu kwanza jani moja usubiri siku moja.

Na kuhusu kula: Jack Be Little ya pakiti inaliwa. Ule mmea wa tatu, hapana. Maboga mengi ya pambo na yale madogo ya kula ni spishi moja, Cucurbita pepo, na yanachavushana hovyo. Mbegu iliyotolewa kwenye boga lisilojulikana inaweza kubeba uchungu wa mababu zake, unaoitwa kukabitasini. Ni sumu kweli, inaleta kutapika na kuharisha vibaya, na kupika hakuiondoi. Ladha ni chungu isiyo na mjadala. Boga lolote la jamii hii likiwa chungu, tema na utupe.

Swali linalofuata huwa ni hili, nalijibu mapema: je, ule mmea wa tatu unaharibu Jack Be Little zilizo jirani? Tunda la msimu huu haliharibiki, nyama yake ni ya mmea mama. Mbegu zilizomo ndizo zilizochanganyika. Kwa hiyo kula boga, usipande mbegu.

---

TawiRefu

Nimepangusa, hakuna unga kidoleni. Asanteni. Ukoko mweupe upo mdomoni mwa ndoo zote tatu. Na maji kweli yanatoka chini mara moja. Je, niwahamishie kwenye vyombo vya lita 40 sasa hivi?

---

ShinaImara

Hapana. Mizizi ya boga haipendi kuguswa, na mmea wa wiki 7 ukiung'oa kwenye tofali la udongo utakaa wiki mbili umelala, na vitunda vyote vitaanguka. Kuna njia mbili bila kung'oa.

Ya kwanza: chukua beseni pana au nusu pipa lenye matundu, lijaze ule mchanganyiko sm 20. Kata kitako cha ndoo kwa msumeno mdogo ndoo ikiwa imeshikiliwa na mtu wa pili, toa kokoto unazoweza bila kuvuta mizizi, kisha iketishe ndoo juu ya mchanganyiko na kuizamisha sm 3. Mwagilia ndoo na beseni vyote. Mizizi itashuka yenyewe.

Ya pili ni rahisi zaidi. Shina la boga hutoa mizizi kwenye vifundo likigusa udongo wenye unyevu. Weka chombo cha pili kando, laza tawi moja la pembeni juu yake, fukia kifundo kimoja sm 3 hadi 5, jani lake likiwa nje, na ukibane kwa waya uliopindwa. Udongo wa hapo usikauke kwa siku 10 hadi 14. Mmea mmoja, vyombo viwili vya maji. Usilikate tawi kutoka kwa mama.

---

UdongoMwepesi

Nakubaliana na ShinaImara, na lile la lita 20 amenirekebisha kwa haki. Ila kabla ya lolote, fungua udongo ulioshikamana: kijiti chembamba, choma mashimo sm 15 kwenda chini, sita au saba kuzunguka, sm 10 mbali na shina. Halafu ndipo ufanye ile kazi ya lita 40, la sivyo maji yatapita pembeni tena na chumvi itabaki palepale katikati.

---

TawiRefu

Sawa. La mwisho: vijiboga vinachumwa lini ili vikae muda mrefu kama pambo?

---

ChavuaAsubuhi

Usiangalie rangi peke yake. Bonyeza ganda kwa ukucha: ukucha usipoingia, na kikonyo kimekauka na kuwa kama gome, kimekomaa. Kata kwa mkasi ukiacha kikonyo sm 5 au zaidi, na usilibebe boga kwa kikonyo. Kikivunjika, pale ndipo uozo unapoingilia.

Futa kwa kitambaa chenye maji na dawa ya kung'arishia nguo, sehemu 1 kwa 10, kausha, kisha viweke siku 10 hadi 14 mahali pakavu penye joto na hewa, juu ya wavu, visigusane. Baada ya hapo kivulini, pasipo unyevu, vinakaa miezi kadhaa. Vernishi ipake tu baada ya hapo, ukiipaka mapema unafungia unyevu ndani.

Na kwa kuwa majani ya mmea mmoja hupendeza kama miezi mitatu tu, panda mbegu nyingine kwenye chombo kipya wiki hii: mbegu mbili, kina sm 2.5, zikishatoa majani mawili ya kweli kata dhaifu kwa mkasi usimng'oe. Hawa wa sasa wakianza kuchoka, yule atakuwa nusu ya wavu.